Meza ya Mama Chini ya Msumeno

Ndugu yangu, nimesikia msumeno nikiwa bado kwenye ngazi. Nikadhani ni kwa jirani. Kumbe ni kwetu!

Nafungua mlango, namkuta fundi seremala anakata meza ya mama. Ile ile ya kukatia vitambaa, iliyotulea sote! Na mama ameishikilia isitikisike. Ameishikilia mwenyewe!

Nikafoka, "Nani kakutuma?"

Kaka akajibu kutoka jikoni, "Wewe, mshairi. Tunakohamia ni vyumba viwili na sebule ya kugeukia. Cha pili umejitengea uandikie. Meza ikae kichwani kwako?"

Unakumbuka mkutano wa wapangaji? Nilighani beti nane kusifu makao madogo: taa moja inatosha, umeme haupotei bure. Watu wakashangilia, mama akatia sahihi ya kuhamia huko siku hiyo hiyo. Na mimi vyumba vyenyewe sikuwahi kuvikanyaga! Nilihesabu mizani, upana wa kuta sikuuliza.

"Mwache mdogo wako," mama akasema. "Beti zilikuwa nzuri. Nitashona nguo za watoto tu, hazitaki nafasi."

Nguo za watoto! Mama aliyewavalisha maharusi wa mtaa mzima! Afadhali angenizaba kofi.

Umeme utapungua, sikatai. Ila aliyebanwa ni yeye, na aliyepigiwa makofi ni mimi.

Nikamnyang'anya fundi msumeno. Nikasema mbele yao wote, "Mama, kile chumba ni cha meza yako. Mimi nitalala sebuleni, chini, mpaka siku nitakayotoka kwako."