Bastola ya Mpima Macho

Shangazi mshauri, safu hii nimeisoma miaka mingi nikiwacheka wanaoandika, na leo nimekaa palepale walipokaa wao, nina jambo ambalo sijamwambia mtu, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni mpima macho, nina miaka ishirini na saba, nina duka dogo la miwani lenye chumba cha kupimia nyuma ya pazia. Mwaka jana, mchana kweupe, waliingia wanaume wawili, mmoja akakaa kwenye kiti cha wateja, akanisomea herufi tatu za juu vizuri kabisa, kisha akatoa kisu akaniwekea hapa chini ya sikio, mwenzake akakusanya simu na kompyuta, wakaondoka bila kunikwaruza, na tangu siku hiyo kila mtu ananiambia nishukuru, nami nashukuru, lakini baridi ya kile kisu bado naisikia kila ninapofunga vifungo vya blauzi.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenishauri kutafuta bastola. Nikafuata taratibu zote, nikapata leseni, nikafunzwa wiki nane, na mkufunzi akasema mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu hautetemeki. Nilijivuna, Shangazi, sikufichi. Tangu hapo inakaa ndani ya mkoba. Kaka hunitania kwamba mkoba wangu umeolewa, hauguswi tena na mtu, na mama, aliyezoea kuingiza mkono humo kutafuta leso bila kuomba, siku hizi husimama mbali akaniambia nimtolee mwenyewe.

Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, nilikuwa peke yangu mezani akaingia mwanamume mwenye koti zito na jua lote lile, hakusalimu, akageuka akaufunga mlango, akaingiza mkono kifuani. Wangu ulikuwa umeshaingia mkobani, kifungo cha usalama nimeshakiondoa, mahali nimeshapachagua, kifungo cha pili cha koti lake, na kichwani mwangu kulikuwa na utulivu ambao siupati hata nikisali.

Kisha akasema, “Samahani, kuna mtu humu? Sioni vizuri.”

Akatoa miwani iliyofungwa kwa kitambaa, imevunjika mkono mmoja. Ni mwalimu mstaafu. Mlango aliufunga kwa sababu ya vumbi. Nilimpima, akanitania kwamba faida ya macho yake ni moja tu, kwake mkewe bado ni msichana. Miwani yake mipya itakuwa tayari Ijumaa ijayo.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Alipotoa ile miwani sikumshukuru Mungu. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nilivunjika moyo kwamba hakuwa yule wa kisu. Nilikuwa nimeshakuwa tayari, nikanyimwa. Na mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku, wakianza kutaja herufi wasizoziona: usikisie, soma unachokiona. Najua watu hukisia kile wanachokitarajia. Nami nilimkisia mtu.

Mwisho wa mwezi leseni inahuishwa, na kwenye fomu kuna mstari wa kutia sahihi kwamba nina akili timamu na utulivu wa kubeba silaha. Kaka anasema nisilete za kuleta, wezi hawatumi barua. Nitie sahihi?

Mpima Macho

JIBU

Binti yangu, pole. Kisu chini ya sikio si jambo la kuambiwa ushukuru halafu yakaisha. Pole hiyo ipokee kwanza, maana sasa nitakusema.

Mkufunzi wako alipima mkono tu. Wewe huwezi kupima jicho moja ukamwandikia mtu miwani, mbona hili umelikubali? Mwaka mzima ulimsubiri yule wa kisu arudi, mzee wa watu akaingia kwenye nafasi yake. Mtu abebaye silaha ya kujilinda anatakiwa atamani isitumike mpaka azeeke nayo. Wewe ulisikitika. Sikuiti muuaji, na wewe acha kujiita hivyo moyoni. Ni hofu ya mwaka jana inayodai haki yake. Ila hofu hiyo isipewe bastola.

Na hapa umeniudhi: mtu ameingia dukani kwako, hukusema hata karibu. Unamlaumu hakusalimu. Yeye haoni, wewe unaona! Kabla ya kile kifungo cha usalama ulikuwa na mdomo, ulikuwa na “nikusaidie nini?”, ulikuwa na pazia la kurudi nyuma yake. Ukaviruka vyote. Ungekwenda kumweleza nini mkewe, habari za koti?

Kaka yako anakupenda, lakini kidole ni chako. Risasi ikishatoka, hataulizwa yeye.

Usitie sahihi. Maneno yaliyo juu ya mstari ule kwa sasa si ya kweli, na unajua, ndiyo maana umeniandikia. Wala usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi pigia simu kituo cha polisi ulikoiandikisha, waeleze unataka kuikabidhi itunzwe, ufuate watakavyokuelekeza. Nenda na kaka, na njiani umwambie yote, hata lile la kuvunjika moyo. Mtafute mtaalamu wa ushauri nasaha ukakitoe hicho kisu shingoni. Hakitatoka kwa siku moja. Dukani weka mlango unaoufungua wewe ukiwa mezani, na alasiri usikae peke yako. Sikukatazi leseni maisha yako yote. Nakukatazia sasa.

Ijumaa mzee anakuja kuchukua miwani yake. Siku hiyo mkobani kuwe na leso, na mama aitafute mwenyewe. Mlango ukifunguka, sema karibu, tena kwa sauti, kabla hajalazimika kukuuliza kama kuna mtu.