Jumatano Bila Oliva

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka hapa Maguu tangu alfajiri na mpaka jioni hii haujaondoka. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kijiji kizima kiko mashambani kinachuma kahawa, mimi nimebaki na mbuzi wawili na redio iliyoishiwa betri.

Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Rozi, anayeishi Dar es Salaam, alipogundua nimeanza kuongea na mbuzi. "Andika, babu, watu watasoma." Sijui ni watu gani hao. Yeye mwenyewe hana nafasi ya kusoma, kazi zimemzidi. Haya, naandika.

Leo asubuhi nilichemsha maji, nikanyoa ndevu, nikavaa koti, nikaenda zahanati. Nilijua fika kwamba hakuna kitu. Nikaenda hivyo hivyo.

Kwa asiyejua, Jumatano ilikuwa siku yetu wazee. Halmashauri ilikuwa na fungu la kumlipa mhudumu, dada mmoja anaitwa Oliva, atuhudumie sisi tu. Anapima presha, anatazama macho, anauliza kama tumemeza dawa. Na anatukata kucha za miguu. Msicheke! Mimi nimelima ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia mmomonyoko, kwenye miteremko hii tangu utoto, shimo baada ya shimo, na sasa mgongo umegoma kabisa kuinama. Tangu mke wangu Paskalina afariki, vidole vyangu vya miguu naviona kwa mbali tu, kama jirani niliyegombana naye.

Kila Jumatano nilikuwa nanung'unika. Benchi gumu, uji hauna sukari, mzee Otmari anarudia hadithi zilezile. Kumbe mwenzenu nilikuwa nafurahi.

Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayenisikia. Presha yangu haina tatizo. Nilichokuwa nafuata ni mkono wa Oliva, unavyonishika hapa juu ya kiwiko wakati anafunga kile kitambaa cha kipimo. Wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyenigusa.

Sasa imekwisha, na walioimaliza ni sisi wenyewe.

Kabla ya mavuno alikuja afisa kutoka wilayani, kuangalia kama huduma ya wazee iendelee au la. Tulipewa taarifa mapema. Ee bwana, tulijiandaa! Nilivaa suti niliyoshonewa kwa harusi ya mwanangu. Bibi Gaudensia, ambaye hana hata mtu wa kumtekea maji, alikuja na kitenge kipya cha kuazima. Tukamchinjia mgeni jogoo, tukamfungia na kahawa ya kukaanga ya kupeleka nyumbani. Afisa akauliza vizuri tu, "Wazee wangu, hamjambo? Mna shida gani?" Otmari, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, akasimama na fimbo yake: "Hatujambo sana, mheshimiwa. Tunashukuru. Shida ni za kawaida tu." Tukapiga makofi.

Ulitaka aseme nini? Kwetu Umatengoni mgeni hapokelewi kwa kilio. Anakula kwanza, analala, asubuhi yake ndipo unamweleza yanayokusibu. Shida zetu tulikuwa tumeziweka mpaka asubuhi. Afisa akapanda gari jioni ileile.

Mwaka wa fedha ulipoanza, mtendaji wa kijiji alituita. Kijana mwenye adabu, alishindwa hata kututazama usoni. Taarifa inasema wazee wa huku hali zao ni nzuri, kwa hiyo fungu limepelekwa vijiji vya ziwani kwenye uhitaji zaidi. Siwaonei wivu wazee wa ziwani. Nao wana kucha.

Lakini leo nilimkuta Gaudensia kwenye benchi letu, peke yake, na chumba cha Oliva kimefungwa kwa kufuli. Nikamuuliza amefuata nini. "Nimefuata ulichofuata wewe," akajibu. Nikakaa. Tukatazama ukungu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Ndipo nikaona mguu wake. Ukucha wa kidole gumba umeingia kwenye nyama, kidole kimevimba, na amekifunga kipande cha kanga. Gaudensia ana kisukari. Miguu ile Oliva alikuwa anaitazama kila wiki.

Nikamwambia kidole hicho kibaya. Akasema ni cha kawaida tu.

Nilimkokota mpaka kwa nesi wa zamu, aliyekuwa peke yake na foleni ya kina mama na watoto wao. Akamsafisha kidonda, akasema aende hospitali Mbinga bila kuchelewa. Mtendaji ameahidi kwamba kesho gari la afisa likirudi mjini litambeba.

Maana afisa yuleyule anakuja tena kesho, kukagua madarasa. Mtendaji ametuombea tukae naye kidogo. Wenzangu wameniteua mimi niseme, eti kwa kuwa nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa na siogopi watu wa ofisini. Mchana kutwa nimefanya mazoezi. Mheshimiwa, hatuko vizuri. Gaudensia anaweza kupoteza mguu. Mimi nakaa peke yangu na nimechoka kukaa peke yangu. Tunaomba siku yetu irudi.

Mbele ya mbuzi maneno yanatoka vizuri kabisa.

Halafu simu ikalia. Rozi. "Shikamoo babu! Unaendeleaje?" Mdomo ukafunguka wenyewe. Marahaba, mama, naendelea vizuri sana, huku hatuna shida yoyote. Akafurahi. Akasema basi, atanipigia tena Jumapili. Nikabaki nimeishika simu mpaka kioo kikazima.

Kesho suti inabaki sandukuni. Nitavaa sweta langu lililotoboka, na jogoo atabaki bandani. Ila ulimi huu, ulioshindwa kumwambia mjukuu wangu mwenyewe, utamwambiaje mgeni?

Rozi, kama siku moja utafungua ukurasa huu, yale niliyokujibu leo usiyahesabu. Babu yako yuko peke yake. Njoo unikate kucha.