Radio Haikutaja Jina Yangu

Siku ya kwanza, tarehe 2, mwezi wa tatu

Nimepalilia maharagi tangu asubui. Mistari ine. Papa alifanya mbili na nusu. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna muntu mwingine atanisifu.

Kisha nikatandika batri za radio juu ya jiwe, jua izipige kidogo. Zikichoka, njo tunazifufua hivyo. Kazi ya batri ni yangu. Riziki, dada yangu mudogo, akigusa ninamukata kofi. Yeye anasoma, miye ninafufua. Nilifika mwaka wa kwanza wa segonderi, nikaacha. Mwalimu alisema kichwa niko nayo, shida ni mudomo.

Mama iko mu kasho kule upande wa Walikale, mwezi wa tatu sasa. Barabara ni potopoto tupu, hakuna mwenye anafika kumuona. Iko katekista mumoja mwenye anatembelea wafungwa. Mama anaandika kipande ya karatasi, katekista anaipatia muntu wa pikipiki, pikipiki inaileta ku radio, radio inaisoma. Siku ya tatu, njo Jumatano, na siku ya posho, njo Jumamosi, saa kumi na mbili ya mangaribi, mu saa ya komunike, matangazo ya watu. Hapo kijiji yetu yote ya Kibabi inanyamaza. Hata kuku.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nimesikia kwa masikio yangu, ninaandika vile ilisomwa:

"Mimi Furaha, mufungwa, ninasalimia bwana yangu. Ninasalimia mutoto wangu Riziki, asiache masomo. Ninasalimia Mama Zawadi na wamama wote wa soko. Muandike majina yenu ku liste ya kura. Karatasi yao sijasaini, sitasaini. Mbuzi mukubwa asizalie inje, baridi iko mingi."

Mbuzi. Mbuzi amesalimiwa.

Miye, apana. Ni mara ya kumi na moja sasa. Nimehesabu. "Mutoto wangu Riziki", kama muntu mwenye alizaa mara moja tu akafunga duka.

Na hii "Furaha" ni nani? Hapa kwetu hakuna mwenye anamujua Furaha. Wanamujua Mama Fiston. Fiston ni miye. Jina yangu njo ilimubeba miaka kumi na saba, kila soko, kila matanga, kila ndoa. Sasa ameivua kama kitambaa cha zamani.

Niko na wivu. Nimeiandika, imekwisha.

Haijakwisha.

Siku ya ine, tarehe 5

Safari, kijana wa rika yangu, alinikuta ku kisima. Aliweka bidon ya maji chini, akalia: "Meee!" Wote wakacheka. Akauliza: "Fiston, ule mbuzi ni mukubwa wako ao mudogo wako?" Nilimujibu kwamba dada yake anafua kila siku karibu na shamba yetu, na si kwa sababu ya maji. Ni uongo. Lakini alibeba bidon yake akaenda.

Nikapita sokoni. Mama Zawadi, rafiki ya Mama, alikuwa anapima maharagi na mudomo wazi kama kawaida. Aliniambia: "Kijana, tarehe makumi mbili na moja utaona. Mama yetu atakuwa prezida, hata kama iko mu kasho!"

Mama YETU.

Niweke mambo sawa, kwa sababu wote wanasimulia vibaya. Soko ya Kibabi inajaa wamama. Lakini komite ya soko, wanaume njo wanaichagua, hata wale wenye hawajauza hata kitunguu. Mama alisema hapana. Alisema mupaka wazee wakachoka. Wakakubali: tarehe 21, siku ya posho, wamama watapiga kura. Wamama wakasema prezida wa komite atakuwa Mama. Habari ikatembea mupaka Mpofi, upande wa Walikale. Wamama wa kule wakamuita aje kuwafundisha, akaenda. Hapo njo wakubwa wa kule, wenye bunduki, wakamufunga, eti anasumbua raiya. Wakamuwekea karatasi: saini kama unaachana na mambo ya kura, hautakanyaga tena mukutano, hautakuwa prezida wa kitu. Saini, urudi kwako. Anakataa.

Akikataa mupaka tarehe 21, atakuwa prezida. Akisaini, hakuna kitu. Ni hiyo tu.

Ninamupenda kwa hiyo. Lakini angenisalimia.

Siku ya posho, tarehe 7

Leo nimefanya kitu ya akili sana.

Mvua imekata njia, karatasi ya Mama haikufika. Basi niliitengeneza miye. Niliandika na mukono wa kushoto, herufi zikalala kama zake. Nikaenda ku radio na kuku mumoja. Animateri, ule mwenye anasoma komunike, akauliza: "Katekista iko wapi?" Nikasema anagonjwa. Akaangalia kuku, akaangalia karatasi. Akachukua vyote.

Saa kumi na mbili:

"Mimi Mama Fiston, mufungwa, ninasalimia kwanza kabisa mutoto wangu wa kwanza, Fiston, kijana wa nguvu wa Kibabi, simba ya nyumba yetu, mwenye anabeba kila kitu ku mabega. Bila yeye mungekufa njaa. Riziki amusikilize. Wengine wote, salamu."

Mbuzi sikumutia.

Kando ya njia watu walipiga kelele: "Simba! Simba!" Safari alikuja kunipatia mukono. Nilimupatia vidole mbili tu.

Riziki aliingia ndani, akafunga mulango. Papa alizima radio kabla ya habari ya mupira. Papa hajazima mupira hata siku alifiwa. Wivu, nikasema. Sasa ni zamu yao.

Siku ya yenga, tarehe 8

Ku kanisa wazee wawili walinisalimia kwa jina. Nilikaa mbele.

Mama Zawadi alinishika mukono, hakuachilia. Akasema: "Mama yako hajiandiki tena Mama Fiston. Alitukataza na sisi. Ku liste, kila mumoja jina yake." Nikamujibu kwamba kasho inakumbusha muntu watoto wake. Akasema: "Mmm."

Ile "mmm" ninaisikia mupaka sasa.

Siku ya pili, tarehe 10

Katekista alifika kwa miguu, potopoto mupaka magoti. Aliongea na Papa mu jikoni. Kisha wakaniita.

Ninaandika pole pole.

Siku ya kwanza ya kasho, wale wakubwa walimuuliza Mama: uko na watoto wangapi? Alijibu: mumoja, musichana, anasoma. Kwa sababu kule, mama akikataa, wanatafuta kijana wake. Wanamupeleka kubeba mizigo yao mu pori. Wengine hawajarudi. Njo maana "Mama Fiston" alikufa siku ile ile. Njo maana Furaha. Njo maana mara kumi na moja. Alikuwa ananificha mbele ya watu wote, na sauti ya radio.

Na gardien wa kule, mulinzi wa kasho, iko na radio. Siku ya posho alisikiliza akicheka. Akaenda mbele ya mulango ya Mama, akasema: "Kumbe uko na simba nyumbani, Mama Fiston."

Wamemuwekea karatasi tena. Wamemupatia siku tatu.

Nilimuuliza Papa: kwa nini hamukuniambia? Papa alisema: "Kukuambia weye na kuambia radio, iko tofauti gani?"

Hakukasirika. Alisema tu, kama muntu anasema mvua inanyesha.

Riziki alijua. Miaka kumi na tatu, na walimuambia yeye. Hata hapa, mu hii aibu yote, kitu iliniuma upande. Ninajichukia, lakini iliniuma.

Siku ya ine, tarehe 12

Niko Ngungu, kwa Papa mudogo. Wamenificha. Ninachimba mihogo. Hakuna mwenye ananijua hapa. Wakiniuliza jina, ninakohoa.

Asubui nilitoka. Nilijisemea: ninaenda kule mwenyewe. Wakinikamata, Mama hatakuwa tena na sababu ya kusaini. Nilitembea mupaka pale fasi njia inaanza kupanda. Nikaona wanaume wawili wanashuka na mizigo. Nikaingia mu mihogo, nikalala chini.

Walikuwa wanaleta ndizi.

Nikarudi kuchimba.

Siku ya posho, tarehe 14

Komunike.

"Mimi Mama Fiston. Nimesaini. Ninarudi."

Imekwisha. Hakuna salamu. Hakuna mbuzi. Jina yangu tu, na sauti ya animateri ikapita ku muntu mwingine mwenye amepoteza ngombe.

Nilitaka Mama aniweke wa kwanza, vilima vyote visikie. Vimesikia.



Siku ya pili, tarehe 17

Wameniita nirudi Kibabi. Mama iko nyumbani.

Amekonda. Kikwembe yake ya kujifunga inamuzunguka mara mbili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, mazuri sana. Yote yalikimbia. Alinishika kichwa na mikono mbili kama mutoto mwenye iko na homa, akasema: "Fiston." Hakunipiga. Nilingoja. Angenipiga, leo ningelala muzuri.

Wamama wakajaa nyumba. Mama akawaambia: "Tarehe makumi mbili na moja, muweke Zawadi." Mumoja akasema pale ku mulango, si kwa sauti ndogo: "Njaa ya kasho ilimushinda. Hata chuma inapindika." Mama aliangalia mikono yake. Aliacha wamuone hivyo, mbele yangu, kwa sababu yangu.

Nilisimama. Nikasema: "Si Mama, hapana. Ni mi..."

"Fiston," Mama alisema, "leta maji, wageni iko na kiu."

Nilileta maji.

Siku ya tano, tarehe 20

Nilienda kwa Mama Zawadi, nikamuambia yote. Karatasi, mukono wa kushoto, kuku. Alikuwa anafunga vitunguu. Hakusimama.

Akasema: "Nilijua tangu siku ya yenga. Nilingoja mudomo yako ifanye kazi muzuri hata mara moja." Kisha: "Na ule kuku, alikuwa wa mama yako?"

Alikuwa wa Mama.

Akanitia vitunguu mu mikono nimalizie kufunga, akaenda kuita wamama wengine. Nilisikia anawasimulia nyuma ya ukuta. Waliongea kwa muda murefu. Mara moja mumoja alilia. Hakuna mwenye alikuja kuniambia kitu. Nilifunga vitunguu vyote.

Siku ya posho, tarehe 21

Mama haruhusiwi kufika sokoni. Sahihi yake ilisema hivyo. Papa na Riziki walienda mapema. Tulibaki sisi wawili ku mulango, tunabangua maharagi.

Miezi yote ile nilitaka hivi. Mama kwangu peke yangu, hakuna Riziki, hakuna Mama Zawadi, hakuna radio. Sasa iko hapa, bega yake inagusa yangu. Na hayuko hapa. Kila kelele ikipanda kutoka sokoni, vidole vyake vinasimama. Niliona wivu ya soko. Ya soko! Vibanda na matope.

Saa ine akasema, bila kuniangalia: "Nenda uangalie."

Nilienda. Nilisimama juu ya kilima, fasi unaona soko yote, mupaka muntu wa mwisho. Kisha nikakimbia kurudi, nikakaa, nikamuambia. Mustari ilianza kwa muuza chumvi, ikazunguka kibanda ya nyama mara mbili. Wamama walivaa vikwembe vya kanisa. Bibi ya Safari hatembei tena, Safari njo alimubeba ku mugongo, na alipofika mbele hakutaka kushuka, alipiga kura akiwa juu. Mwenye alikuwa anaita majina ya liste ni Riziki. Aliita vizuri. Kila mumoja alijibu kwa jina yake, wengine walicheka kwanza, kama muntu anavaa viatu vipya. Mama Zawadi amepita, njo prezida. Wanaume walihesabu tena, amepita tena. Hakutoa hotuba. Aligeuka upande ya nyumba yetu, akasimama kidogo hivyo, wote nyuma yake wakageuka pia.

Nilimuambia yote. Miye sikujitia ndani.

Mama alikuwa ameacha maharagi. Kisha akasukuma kapu katikati yetu, akachukua haragi lingine.

"Anza tena," akasema. "Pole pole. Nani alisimama nyuma ya muuza chumvi?"

Nikaanza tena.