Bastola ya Babu Yake Wade

Lorene njoo unichukue. Nimejifungia chooni kwenye duka la bunduki.

Tulileta ile bastola ndogo ya babu yake Wade tujue ni ya lini na ina thamani gani. Mzee Tolliver, mwenye duka, kuiona tu, "Hii ni ya miaka ya 1890, nikeli yake bado inang'aa. Ina bei nzuri." Wade kavimba kichwa kama kaiunda yeye!

Mzee akafungua lile gurudumu la matundu ya risasi. RISASI NNE Lorene!! Miaka yote hiyo zimo!

Wade anacheka. "Babu aliacha tupu tundu lililo chini ya nyundo, ile inayogonga risasi. Haina hatari."

"Ukivuta kifyatulio, gurudumu linazunguka kwanza, mwanangu. Nyundo inagonga risasi inayofuata." Akatuonyesha moja, kitako kimebonyea. "Hii ilishagongwa. Iligoma tu kulipuka."

Ilishagongwa!

Sikukuu ya Shukrani, Lorene. Ulikuwepo. Nimebeba sinia la bata mzinga, Wade ananielekezea bastola hiyo hiyo usoni kwa mzaha, anavuta. Tik. Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka!

Basi pale dukani nikamgeukia Wade, nikangoja aseme neno. Lolote.

Akamuuliza mzee, "Sasa hiyo risasi mbovu itashusha bei?"