Mikono Iliyosimama Juu ya Mahindi

Kendi mjukuu wangu,

Huku Nkubu tu wazima, na ukungu umelala shambani tangu asubuhi. Unaniuliza kama kijana wako anakudanganya, kwa kuwa hakutazami machoni.

Macho achana nayo. Mama yangu aliwapa wachumba wangu mahindi wapukuchue huku akiwauliza kama wana mke. Wa kwanza alimkazia macho, akakana, lakini mikono ikasimama; akili yote ilikuwa kwenye uongo. Mke alikuwako, kule kijijini Mikinduri. Wa pili alijibu akiangalia chini kwa haya, na punje zikaendelea kudondoka kwenye beseni kama mvua ya mbali. Hata leo nikisinzia huwa naisikia. Huyo ndiye babu yako.

Njoo naye Desemba. Mahindi nimeshaanika.

Nyanya yako