Kapsuli za Rangi Mbili

Jumanne

Huyu mama naye! Tangu nitolewe kidole tumbo hatulii, eti nimeruhusiwa hospitali bila dawa za kumeza. Daktari alishamweleza kwamba hakikuwa kimepasuka, na sindano niliyochomwa kabla ya upasuaji inatosha kuzuia maambukizi. Mama anaona nimedhulumiwa.

Leo kaja kutoka Hombolo na kapsuli za rangi mbili. Anataka kuzifungua animwagie unga wake kwenye mshono. Nimekataa. Ila nikiugusa naona kama una joto, na naogopa.

“Zilikuwa za nani, mama?”

“Zilibaki za kuku wangu. Alikuwa anaumwa.”

“Akapona?”

“Alimaliza dozi jana. Si ndiye huyo unayekunywa supu yake?”

Nilikuwa kwenye bakuli la pili.