Mwanamke wa Mitungi Miwili

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utageuka huko uliko useme huyu mtoto nani alimlea. Nimekaa ukingoni mwa ndiva, bwawa letu la kugawia mashamba maji, kwenye jiwe lako, karatasi iko gotini, na karata yako nimeikandamiza kwa kokoto isipeperuke. Miguu yangu ina udongo mpaka juu ya magoti.

Nianze na hasira, maana nilikuzika nikiwa nayo.

Siku ile ulipotuita kitandani, kaka Eliamani ulimpa kizibo cha ndiva, kile kigogo kilicholainishwa na mikono yako na ya babu. Mama ulimnong'oneza neno ambalo hadi leo hajatuambia. Mimi ukanipa karata. Baba! Mimi niliyekuuguza miezi mitatu, niliyekukorogea uji na kukufulia, ukanipa kipande cha karatasi ya Wazungu chenye mwanamke uchi! Nikaipokea kwa mikono miwili kwa adabu, nikatoka nje nikalia. Watu walidhani nalilia ugonjwa wako tu.

Habari zake nilizijua tangu utotoni. Ulikuwa mpishi wa yule mama wa Kigiriki, mwenye shamba la mkonge kule tambarare. Kila baada ya chakula cha mchana alipanga karata mezani, akipiga ramli, nawe ukiondoa sahani ulichungulia. Mwaka mmoja mume wake akafa, na ghala la mkonge likaungua. Akakuita, akakuonyesha karata mbili. Moja ina mnara unaopigwa radi, watu wanaanguka kichwa chini. Ya pili ni hii. Akakuambia zinafuatana hivyo sikuzote, mnara ni ya kumi na sita, Nyota ni ya kumi na saba. Ya kwanza ni kila kitu kuanguka. Ya pili ni tumaini, lakini tumaini la mtu ambaye ameshaanguka na bado ana kitu kidogo mkononi. Alipoondoka kurudi kwao, ulimbebea masanduku mpaka stesheni ya Same, na gari moshi likiwa linaanza kusogea akakupa hii kupitia dirishani. Seti yake ikabaki na pengo. Ulisema hakupiga ramli tena maishani, na sijui ulijuaje.

Unakumbuka ulipoileta nyumbani? Mama alikata kipande cha kanga yake kuukuu, akakibandika kwa uji juu ya yule mwanamke ili asituharibu. Ukakibandua. Akabandika tena. Ukamwambia, "Mwache. Hana cha kuficha. Mgawa maji anatakiwa awe hivyo." Mama akakujibu, "Basi na wewe kesho kagawe maji uchi, tukuone." Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ulinifundisha kuisoma kabla sijaingia darasa la kwanza la misheni. Nyota kubwa ya njano yenye ncha nane, na nyeupe ndogo saba. Ndege juu ya mti, mbali. Mwanamke amepiga goti moja chini, mguu mmoja ameuweka juu ya maji na hauzami. Mtungi wa kushoto anamimina ardhini, na maji yanagawanyika mikondo mitano. Hapo ulikuwa unanong'ona kama uko kanisani. Ulisema, "Hesabu, Navoneiwa." Nikahesabu, tano. Mifereji ya ndiva yetu ni mitano. Mchoraji hajawahi kuikanyaga milima hii ya Upare, kajuaje?

Mtungi wa kulia ndio ulionishinda. Anaumimina bwawani, maji ndani ya maji. Nilikuuliza mbona huyu mjinga anapoteza nguvu zake. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Siku utakayojua, hutahitaji nikuambie." Nikakasirika, unanijua.

Sasa nikuambie nilichofanya. Usinikatize.

Kaka aliondoka mwezi mmoja baada ya maziko, akaenda Tanga kutafuta kazi. Kizibo akaniachia. Wazee waliguna, mwanamke kushika kizibo ni jambo ambalo hawakuwahi kuliona, lakini walikuheshimu wewe, wakasema tumwone. Nami nilitaka waone! Nikaamka kila siku nyota ya asubuhi ikiwa bado iko juu ya mlima, nikafungua, nikagawa kwa zamu, sikumpendelea mtu.

Kisha mvua zikakosekana. Mahindi yakaanza kujikunja. Mama Kadeghe wa mfereji wa tatu, yule yule aliyekuwa akikusema wewe kwamba ni mchoyo, unawawekea vyura maji, akasimama hapa mbele ya watu akaniambia mimi ni binti yako kweli, nafunga ndiva maji yakiwa yanafika kwenye muundi wa mguu, watoto wake wale nini. Mama aliniambia nisimsikilize. Alisema, "Baba yako hakuiacha ikauka hata siku moja." Nikamjibu Mama kwa sauti ya juu, Mungu anisamehe, kwamba Baba aliacha maji kwa mazoea tu. Nilitaka nipendwe. Nilitaka waseme binti ana moyo mkubwa kumpita baba yake. Nikachomoa kizibo, nikaacha yote yaende mpaka tope la chini. Siku nne mfululizo.

Walinishangilia, Baba. Walinibeba juujuu.

Jua likaingia kwenye tumbo la ndiva. Udongo ule wa mfinyanzi ulioshindiliwa na babu wa babu yangu ukakauka, ukapasuka. Nyufa za kupitisha mkono. Nilipoziba tena nikarudisha kijito kinachoijaza jioni, asubuhi nikakuta tope. Kesho yake vilevile. Maji yalikuwa yanapotelea chini, yakaibukia kule bondeni kwenye magimbi ya watu wasiotuhusu. Ndiva haikushika hata ndoo moja.

Hapo hakuna aliyenibeba. Wakasema ndiva imemkataa mwanamke. Wazee wakanipa mpaka mwezi mwandamo. Isiposhika maji kabla ya kupanda maharage ya vuli, nyumba zote za mifereji mitano zitashuka kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, kutafuta ardhi. Na Mama akasema yeye hashuki, atabaki na kaburi lako hata peke yake, ale majani. Unamjua Mama, asemalo hufanya.

Nilishuka katikati ya ndiva kavu saa sita mchana, jua kali, nikakaa juu ya nyufa. Nikatoa karata ili niichane. Nakuambia ukweli, vidole vilikuwa vimeshaishika pande mbili. Nikasema, ulinipa picha, kaka ukampa kizibo, na sasa vyote vimekufa mkononi mwangu.

Nikamwangalia yule mwanamke kwa mara ya mwisho, na nikauona mtungi wa kulia.

Si kwamba sikuwa nimeuona. Lakini nilikuwa nimekalia udongo uliopasuka, na mbele yangu mtu anamimina maji kwenye maji. Baba, nikakuona wewe. Nikakuona na kibuyu chako, kila kiangazi, unatoka chemchemi ya juu, unapita mlangoni kwetu bila kuingia, unakuja kumimina humu. Maji juu ya maji, kibuyu kimoja, watu wanacheka. Mimi nilicheka pia. Nikiwa msichana nilijificha nyuma ya migomba nisionekane ni binti wa mzee yule. Kumbe ulikuwa unaulowanisha udongo! Mtungi mmoja ni wa mashamba. Wa pili ni wa ndiva yenyewe, isife kiu. Nguo zilinilowa machozi. Nililia kwa sauti, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa naogopa, ile hofu ya mtu aliyeitwa jina lake mahali ambapo hakuna mtu.

Na nikakumbuka ya yule mama wa Kigiriki. Kwanza mnara, halafu nyota. Mnara nilikuwa nimeuangusha mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mwenye pembe, nikapiga magoti, nikaomba ipulizwe ya msaragambo, wito wa kazi ya kijiji kizima. Alinitazama sana. Kisha akaipuliza. Walikuja, Baba. Wengine walikuja kunitukana kwanza, wakanitukana, wakashika majembe. Nilisimama mbele yao nikasema kosa ni langu, Mama alinionya nikamjibu vibaya. Sikuficha kitu. Mama alikuwa pale, akaangalia chini, akavua viatu, akaingia wa kwanza.

Tulileta udongo mpya wa mfinyanzi kwa vikapu. Ng'ombe wote wa mitaa mitano tuliwashusha ndani wakaukanyaga, nasi nyuma yao, tunaimba, tunateleza, tunaanguka. Na kila mwanamke aliyetoka chemchemi alibeba mitungi miwili, mmoja kichwani na mmoja mkononi, ukimwona utadhani amechoka maisha. Mmoja ulikwenda nyumbani kupikia makande. Wa pili ulimwagwa humu, ili udongo usilale mkavu hata siku moja. Sikumwonyesha mtu karata. Niliwaambia tu ndivyo ulivyokuwa ukifanya, nao wakafuata, maana wote walikuona.

Jana jioni, mwezi ukiwa umeandama, tuliziba. Tukarudisha kijito. Leo alfajiri walikuja wote bila kuitwa. Sikuwa na ujasiri wa kutazama, nikamwomba Mama atangulie.

Akasimama ukingoni. Nikamfuata.

Maji yalikuwa yamejaa, Baba. Yametulia mpaka kwenye alama ya jiwe lako. Na katikati yake ilikuwepo nyota ya asubuhi, kubwa, haitikisiki. Watu zaidi ya hamsini tulijipanga ukingoni kuitazama. Nilihisi kama tumeingia ndani ya karata sote, na aliyetuchora ametusogelea kutuangalia. Kisha chura mmoja akalia. Katokea wapi sijui, ndiva ilikuwa haina maji muda wote huo. Mama Kadeghe akapiga goti kwenye tope na gauni lake la kanisani, akamimina mtungi wake polepole, akasema, "Huu ni wa mzee wa vyura." Sote tukacheka na kulia. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke Mama alicheka.

Wazee wamesema kizibo kibaki kwangu. Kaka naye ameandika kutoka Tanga, anasema ulimwambia akishike mpaka mimi nitakapoielewa picha, ila kazi ilimfanya aniachie mapema. Yaani alijua muda wote, yule! Akirudi nitampiga.

Lala salama, Baba, sikudai kitu tena. Ulinipa kubwa kuliko zote nami nikaipokea kwa mikono miwili na moyo mmoja uliokunja ngumi. Nakuahidi muda wote nitakaokuwa na nguvu za kupanda mpaka chemchemi, hautakauka huu udongo. Mtungi wa kushoto nimeshaupeleka nyumbani, Mama anapika. Wa kulia uko hapa pembeni yangu. Nikiweka kalamu chini, naumimina.

Binti yako,
Navoneiwa